Kilomita 117 juu ya mfuniko

Kibao cha kwanza tulichokutana nacho Mullan, mwanzoni mwa njia ya baiskeli huko Idaho, Marekani, hakikutukaribisha, kilituonya. Usitoke nje ya lami. Usile ila kwenye sehemu zilizotengwa. Usinywe maji ya mto. Nawa mikono kabla ya kula. Kung'uta viatu kabla ya kurudi nyumbani. Nilikisoma kwa sauti huku nakaza mkanda wa kofia. Mpwa wangu, mtoto wa dada, umri wake miaka 17 na amekulia Spokane, alikuwa ameinama anajaza upepo tairi la nyuma.

"Mswahili gani anaambiwa anawe kabla ya kula?" nikamwambia. "Hawa hawajawahi kukaa mkekani na bibi yako."

Akacheka, nami nikacheka. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kicheko kile kilinirudia mchana saa nane, nikiwa nimeshika kipande cha chapati mkononi.

Njia yenyewe inaitwa Trail of the Coeur d'Alenes, na iko kaskazini mwa jimbo la Idaho, Marekani, kwenye ile sehemu nyembamba inayopanda juu ya ramani kama mpini wa sufuria. Inaanzia Mullan, mji mdogo wa wachimba madini karibu na mpaka wa Montana, na kuishia Plummer, kwenye ardhi ya kabila la Coeur d'Alene. Ni maili 73, sawa na kilomita 117 na ushei, lami mwanzo hadi mwisho, upana kama mita tatu. Hakuna malori, hakuna bodaboda, hakuna kiingilio. Sehemu ya juu ni bonde jembamba lililobanwa na milima ya misonobari. Sehemu ya chini ni vinamasi na vijiziwa vilivyofuatana kama shanga, halafu unatokea Ziwa Coeur d'Alene lenyewe.

Jina ni la Kifaransa: moyo wa msharasi, ule wa fundi viatu. Inasemekana wafanyabiashara wa ngozi waliwapa wenyeji jina hilo kwa vile walikuwa wagumu kwenye kupatana bei. Wao wenyewe wanajiita Schitsu'umsh.

Nimeishi Spokane, jimbo la Washington, miaka tisa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu za usiku, na kazi hiyo humfanya mtu atembee sana bila kwenda popote. Daktari alipoanza kunitajia presha nikanunua baiskeli ya mtumba, dola 140, gia 21, ambazo nusu yake sijui mpaka leo ni za nini. Baiskeli niijuayo mimi ni Phoenix. Nilijifunzia Geita, kwenye Phoenix ya baba, kwa kupenyeza mguu chini ya lile bomba la juu kwa sababu kiti sikukifikia, mwili wote umelala upande mmoja kama kaa. Mtu akishajua kunyonga baiskeli kwa mtindo huo kwenye barabara ya changarawe, na ndoo ya maji kwenye kerieri, lami nyororo ya Wamarekani anaiona ni mchezo. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Shemeji alitushusha Mullan asubuhi kwa gari lake, akatuahidi kutupokea Plummer kesho yake. Naomba ukumbuke hilo ukija: njia haikurudishi ulikotoka, kwa hiyo mtu wa gari umpange mapema. Ilikuwa mwisho wa Juni. Wakati huo wa mwaka jua kule linazama saa tatu kasoro usiku, na nilijipa moyo kwamba muda tunao tele.

Mullan iko juu kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na ziwa lipo kama mita 650. Kwa hiyo ukianzia mashariki unateremka. Si mteremko wa kubana breki, ni ule mpole usiouona kwa macho ila miguu inaujua, kwa sababu njia hii ilikuwa ya reli na treni haipendi milima mikali. Tulifika Wallace, kilomita kama 11, bila kutoka jasho. Mpwa alikuwa akiachia mikono yote miwili na kuimba. Nami nikaanza kushindana naye. Mtu wa miaka 46 anashindana na mtoto aliyetoka kwenye usingizi wa saa tisa! Ukiteremshwa na mlima unadhani nguvu ni zako.

Wallace ni mji wa kusimama. Majengo yake ya matofali ni ya zamani, na hadithi yake naipenda. Barabara kuu ya I-90, inayotoka Seattle hadi Boston, ilikuwa na taa moja tu ya kusimamisha magari iliyobaki njia nzima, nayo ilikuwa katikati ya Wallace. Wakubwa walitaka kupitisha barabara pana palepale juu ya mji. Wenyeji wakaandikisha majengo yao kuwa ya kihistoria, basi ikabidi barabara inyanyuliwe juu ya nguzo na kupita pembeni. Taa ikazimwa mwaka 1991. Njia ya baiskeli inapita karibu na nguzo hizo. Juu malori yananguruma, chini unasikia mto na kengele ya baiskeli. Mji huo ulishaungua theluthi moja katika moto mkubwa wa misitu wa Agosti 1910, ukajengwa tena. Nadhani mji uliotoka kwenye moto hauogopi barabara.

Kuanzia hapo unaingia kwenye kile wanachokiita Bonde la Fedha. Wamarekani wana hadithi kwamba mwaka 1885 mzee mmoja, Noah Kellogg, alikuwa anatafuta punda wake aliyepotea, akamkuta amesimama kwenye mwamba unaong'aa. Ndiyo maana mji wa Kellogg mpaka leo unajitapa kwamba umeanzishwa na punda. Sina hakika na punda, ila mwamba ulikuwepo kweli: bonde hilo limetoa zaidi ya aunsi bilioni moja za fedha, pamoja na madini ya risasi na zinki kwa wingi.

Kabla ya Kellogg, karibu na barabara kuu, kuna sanamu ya mchimbaji ameshika mashine ya kutobolea mwamba, taa ya kofia yake inawaka. Ni kumbukumbu ya mgodi wa Sunshine. Tarehe 2 Mei 1972 moto uliwaka chini ya ardhi, na moshi wenye sumu ukawaua wachimbaji 91. Wawili walipatikana hai baada ya wiki nzima. Tuliegesha baiskeli, nikavua kofia. Mpwa aliniuliza kama Geita kuna sanamu ya namna ile. Nikamsimulia wale wa Nyangarata, Kahama, waliofukiwa Oktoba 2015 na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi na wadudu. Akadhani namtania, ikabidi atafute kwenye simu. Sanamu hatuna. Duara, yaani shimo la mgodi, likititia kwetu, ikishindikana kuwatoa watu, wengine wanachimba jirani wiki ileile.

Sasa nieleze lile la kunawa.

Migodi ya bonde hili ilianza miaka ya 1880, na mpaka mwaka 1968 mabaki ya mawe yaliyosagwa yalimwagwa mtoni moja kwa moja. Kwetu mabaki hayo tunayaita marudio. Mto ulikuwa mweupe kama maji ya unga, na watu wakauita kijito cha risasi. Reli nayo ilitandikwa juu ya marudio hayohayo, maana ndiyo kifusi kilichopatikana bure, na miaka nenda rudi mabehewa yalidondosha makinikia, ule mchanga wenye madini, njiani. Reli ilipoachwa, ikabaki mstari wa sumu wenye urefu wa kilomita 117 unaopita katikati ya vijiji na kandokando ya maziwa. Kuzoa udongo wote ule haikuwezekana. Serikali, kabila na kampuni ya reli wakakubaliana: penye uchafu uliozidi uzolewe, kwingine pafunikwe. Lami ndiyo mfuniko. Njia ilifunguliwa rasmi mwaka 2004, na inasimamiwa kwa pamoja na idara ya hifadhi ya jimbo na kabila lenyewe.

Kwa hiyo ile lami nyororo niliyokuwa naisifu tangu asubuhi haikuwekwa kwanza kwa ajili ya baiskeli yangu. Niliyajua haya kabla hatujaenda, nilikuwa nimesoma. Lakini kulijua jambo kwa kusoma hakukuzuii kushika chapati.

Kellogg tulipita haraka, na sasa najuta kidogo. Baada ya hapo kuna Cataldo, na hapa nawashauri mtenge nusu saa. Si mbali na njia, juu ya kilima, lipo kanisa la misheni lililojengwa na watu wa Coeur d'Alene pamoja na mapadri Wajesuiti kati ya 1850 na 1853, jengo la zamani kuliko yote yaliyosimama Idaho. Nje ni mbao. Lakini kuna sehemu wameacha ukuta wazi uone ndani: fito zilizosukwa, nyasi, udongo uliokandikwa kwa mikono. Nilikuwa nimeshalitembelea na gari mwaka uliopita. Ni nyumba ya bibi yangu tupu, ila ina nguzo na altare. Alama za vidole bado zipo kwenye udongo.

Kuanzia Cataldo mambo yanabadilika. Milima inajitenga, mto unapanuka na kutulia, maduka yanakwisha. Mbele yako ni kama kilomita 45 hivi hadi Harrison, na katikati kuna vyoo safi na meza za kupumzikia, lakini sisi hatukupata bomba hata moja la maji. Pia upepo. Mchana ulipopamba ulianza kuvuma kutoka ziwani kuja bondeni, usoni kwetu. Mteremko ulishakwisha. Zile nguvu nilizozitapanya asubuhi nikishindana na mtoto nilianza kuzidai, hazikurudi. Makalio yalishanisemesha tangu Pinehurst, na sasa yalikuwa yanapiga kelele.

Ila ni pazuri, sitasema uongo. Vijiziwa viko kushoto na kulia, yungiyungi zimefunika maji kama sahani za kijani, korongo wamesimama kwa mguu mmoja, na furukombe wamejenga matundu juu ya nguzo kama vile wamepewa kiwanja. Mahali fulani mpwa alinyanyua mkono, tukasimama. Muusi jike, yule kulungu mkubwa wa nchi za baridi, mrefu kuliko farasi, alikuwa amezama hadi tumboni, anachota majani ya chini ya maji na kuinua kichwa, maji yanamtiririka. Hakutujali. Tulimpa nafasi, maana wanasema ana hasira akiwa na mtoto. Nilikuwa nawaza tu: anakula kutoka kwenye tope lile. Kila masika mabatamaji weupe wanatua kwenye vinamasi hivi wakiwa safarini kwenda kaskazini, wanachimbua mizizi kwenye tope, na wengine wanafia hapo kwa sumu ya risasi. Hawasomi vibao.

Kilomita chache baada ya Rose Lake tairi la mpwa likapiga pancha. Mwiba mdogo tu. Nilifurahi moyoni, kwanza kwa sababu nilipata kisa cha kupumzika, pili kwa sababu kuziba pancha ndiyo elimu yangu. Mpwa alikuwa na tyubu mpya kwenye mkoba, akataka tubadilishe tuondoke. Nikamwambia hapana, leo utajifunza. Tukaigeuza baiskeli miguu juu, pembeni mwa lami. Nikatoa tyubu, nikaijaza, nikaipitisha karibu na shavu kusikiliza upepo. Nikasugua kwa msasa, nikapaka solusheni, nikapuliza, nikasubiri ikauke hadi inashika kidole bila kuvuta, ndipo nikabandika kiraka na kukigongagonga kwa kisigino cha kiatu. Nilipiga goti muda wote kwenye kokoto za pembeni. Mikono ikawa myeusi kwa mafuta ya cheni na mavumbi.

Tulipomaliza, njaa. Dada alitufungia chapati na mayai ya kuchemsha. Sikungoja meza. Nikaketi palepale ukingoni, miguu majanini, nikachana kipande, nikakiinua.

"Mjomba."

Nikamtazama.

"Mikono, Mjomba."

Alisema taratibu, bila kucheka, kwa ile sauti ambayo mtoto aliyelelewa vizuri anamkosoa mkubwa wake. Nikaangalia mikono yangu. Na sijui kwa nini, niliona mikono ya baba.

Baba alikuwa na mwalo mdogo, sehemu ya kuoshea dhahabu, nje ya mji. Wengine walichimba, wengine walisaga kwenye karasha, yeye aliosha. Alichanganya zebaki na mchanga kwenye karai kwa mikono mitupu, akakamua kwenye kitambaa, akabaki na kidonge cheupe kidogo kama punje ya mahindi. Kidonge hicho alikichoma nyumbani, jikoni, kwenye jiko la mkaa la mama. Sisi watoto tulizunguka kutazama, kwa sababu ilikuwa ni maajabu: kitu cheupe kinafifia, kinafifia, halafu ghafla ni njano. Baadaye mama alipika ugali kwenye jiko hilohilo. Marudio yalirundikwa nyuma ya nyumba yakingoja mnunuzi, kilima chekundu, nasi tulitelezea juu yake kwa vipande vya ndoo. Hakukuwa na kibao.

Miaka yake ya mwisho mikono ya baba ilitetemeka. Kikombe cha chai alishikiwa. Alikuwa fundi wa baiskeli yake mwenyewe na akafika mahali hawezi kushika spana. Tulisema ni uzee, na majirani walisema ni uzee. Alikuwa na miaka 54.

Sikumwambia mpwa hayo pale. Nilirudisha chapati kwenye mfuko, nikachukua chupa yangu ya maji na kumpa animwagie, kama tunavyonawishana nyumbani. Weusi wa mafuta ya cheni hautoki kwa maji ya mara moja. Akamwaga, nikasugua, akamwaga tena. Kisha nikamnawisha yeye. Tukala tumesimama.

Na ndivyo tulivyomaliza maji. Hesabu yangu ilikuwa lita tatu kwa wawili kutoka Cataldo, na lita nzima na zaidi iliishia kwenye majani. Kufika maeneo ya Medimont, vijiziwa viko pande zote na koo zimekauka kama za watu wa jangwani, mpwa alikuwa kimya na mimi kichwa kinagonga. Maji yamejaa kila mahali na huwezi kuyagusa. Kama utapita njia hii, beba ya kunywa, halafu beba ya mikono kwenye chupa nyingine usiyoihesabu kwenye ya kunywa, na kipande cha sabuni.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa makamo, nywele nyeupe, anaendesha baiskeli ya matairi matatu yenye kikapu. Alitukuta tumekaa kwenye benchi la simenti tumeinamisha vichwa. Hakuuliza tunatoka nchi gani, swali ambalo huwa la kwanza. Alitoa chupa mbili baridi kwenye kikapu na kusema anazibeba kwa ajili ya watu kama sisi, kwa kuwa kila wiki anawakuta hapohapo.

Alizaliwa Kellogg, baba yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha risasi. Nikamwambia baba yangu naye alikuwa wa madini. Basi, tukawa ndugu. Akatusimulia kwamba mwaka 1973 mahali penye vichujio vya moshi paliungua na kiwanda kikaendelea kuyeyusha karibu hivyohivyo. Mwaka uliofuata watu wa afya walikuja kuwatoa watoto damu. Yeye alikuwa mmoja wao, bado mdogo, anakumbuka bandeji na peremende. Karibu watoto wote waliokaa ndani ya maili moja kutoka kiwandani walikutwa na risasi nyingi mno kwenye damu. "Mama alikuwa anafua mapazia kila Jumamosi," akasema. "Jumatatu yana vumbi tena." Kiwanda kilifungwa mwaka 1981. Minara ya moshi iliangushwa kwa baruti mwaka 1996, naye alienda kutazama na viti vya kukunja, kama watu wanaoenda mpirani.

Nilimuuliza kama haogopi kuendesha baiskeli hapa. Akaigonga lami kwa kisigino mara mbili, kama mtu anayepima godoro dukani. Akasema mradi watu hawaitoboi, yeye haogopi. Kinachomtisha ni mafuriko, kwani mto ukipanda unaleta tope la zamani juu ya mfuniko mpya, halafu wanaanza kusafisha upya.

Harrison tulifika saa moja jioni, jua bado liko juu kana kwamba halina kwao. Tulinunua aiskrimu, wanazirundika mpaka zinatisha, tukanawa kwa sabuni kwenye choo cha umma mpaka viwiko, mpwa akicheka anavyonikagua kucha. Usiku tulilala kwenye hema kando ya ziwa. Sikulala vizuri, ila hilo ni la mgongo.

Siku ya pili ni fupi, kama kilomita 25, na ningeweza kuiandika peke yake. Njia inakaa pembeni mwa ziwa kabisa, maji upande wa kulia, mwamba upande wa kushoto, na asubuhi hakuna upepo. Kisha unavuka ziwa juu ya daraja la Chatcolet, daraja la zamani la reli lenye urefu wa karibu kilomita moja. Zamani lilikuwa likizunguka kupisha meli. Sasa wameinua sehemu ya katikati ili boti zipite chini, kwa hiyo unapanda kwa vipande vifupi vya mteremko vinavyofuatana kama ngazi pana na kushuka hivyo upande wa pili. Ukiwa juu pale, umezungukwa na maji. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2001 kwamba ardhi iliyo chini ya theluthi ya kusini ya ziwa hili ni ya kabila. Mpwa akauliza mtu anamilikije chini ya ziwa. Nikamwambia aangalie tu mto unakomwagia tope lake, halafu ajiulize nani ana haki ya kulalamika.

Ng'ambo ya daraja ni hifadhi ya Heyburn, halafu kinaanza kitu ambacho hakuna aliyeniambia: mlima. Kilomita kama tisa za kupanda kwenda Plummer, ndani ya msitu. Treni iliweza, nami niliweza, kwa kushuka na kusukuma mara mbili. Mpwa alinipita bila kuachia mikono safari hii, akanisubiri kwenye kona, akanipita tena. Shemeji alikuwa ameegesha gari kivulini, anakula tikiti.

Kabla ya kupakia, mpwa alitoa chupa ya maji aliyokuwa ameificha tangu Harrison. Akaosha matairi yote manne, akasugua soli za viatu vyake, akanyoosha mkono nimpe vyangu. Baba yake akamtazama, akanitazama mimi. "Kulikoni?" Mpwa akasema, "Mjomba atakuambia." Sikumwambia njia nzima. Nilisinzia.

Nilipofika nyumbani viatu nikaviacha nje ya mlango. Ilikuwa saa tatu usiku, Geita saa moja asubuhi. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imechoka?"

Nikamweleza baiskeli, ziwa, mnyama mrefu kuliko farasi. Akafurahi. Kisha nikamuuliza lile rundo la marudio nyuma ya nyumba bado lipo?

"Lilishaondoka. Watu wa marudio walilinunua mwaka jana, wakasomba lote. Wamelipa vizuri. Pale nimepanda mchicha, ungeuona ulivyostawi."

"Mnaula?"

"Sasa tuupande wa nini?"

Nikamwambia aache kuwapa watoto kwanza, mpaka tuutafutie mtu wa kuupima ule udongo. Akacheka, kicheko changu kilekile cha Mullan. "Umeenda Marekani ukajifunza kuogopa mchicha?" Sikumjibu. Simu ikakaa kimya, nikasikia jogoo wake, na mtu anafagia. Halafu akaniuliza, kwa sauti nyingine, kama mikono ya baba yenu ilianza mwaka gani.